Mtoto wa mwaka na miezi 7 hataki kula, tumeuziwa multivitamini na sirapu ya hamu ya kula. Tumpe au tuache?

#1 Baba Sele
Wakuu habari zenu. Dogo wangu wa kiume ana mwaka na miezi saba, kwenye kadi ya kliniki mstari wake umelala, kilo 9.2 haipandi haishuki, akiona kijiko tu anageuza shingo. Mama watoto kaenda duka la dawa hapa mtaani karudi na chupa mbili, moja multivitamini nyingine ya hamu ya kula, muuzaji kamwambia watoto wote wa mtaa huu wanatumia hizo na wamenawiri. Bi mkubwa (mama yangu) hataki hata kuziona, anasema mtoto apewe uji mzito na ini basi. Mi niko katikati. Hizi vitamini za dukani zinasaidia kweli au ni sukari yenye rangi? Na kama alipata yale matone ya kliniki ya Juni, bado anahitaji nyingine? Naomba anayejua aseme, kama hujui pita kimya.

#2 KijanaWaMakumbusho
Nimepita kwa sauti. Ngoja waje wenye watoto, mi nakaa paleee.

#3 mama wawili
Pole baba Sele. Wa kwanza wangu alikuwa hivyohivyo nikampa hiyo ya hamu ya kula, jamani alikula mpaka ukoko, akimaliza sahani anaivamia ya dada yake, mashavu yakajaa kila mtu ananiuliza unampa nini. Chupa ilipoisha ikawa basi, akarudi vilevile na kale kashingo kake. Sikununua tena. Ila multivitamini naendelea nayo, naona kama inamchangamsha.

#4 Mfamasia Kimya
Baba Sele, chukua ile ya hamu ya kula usome ubavuni kwa maandishi madogo utuandikie kila mililita 5 ina nini. Jina la mbele halitusaidii kitu.

#5 Ngosha
Mnazunguka tu, hiyo ni minyoo. Mtoto hali, tumbo mbele, kilo haziongezeki, mnatafuta vitamini za nini wakati mna wapangaji tumboni wanakula kabla yake? Dawa ya minyoo shs ngapi hiyo.

#6 Baba Sele
@Mfamasia Kimya nimesoma kwa tochi ya simu. Imeandikwa saiproheptadini miligramu 2, halafu vitamini B kadhaa. Ile nyingine ina A, D, C na za B nyingi, haina chuma.
@Ngosha tumbo halijatoka mzee. Na dawa ya minyoo alipewa siku ileile ya matone.

#7 Mfamasia Kimya
Nilijua. Hiyo saiproheptadini ni dawa ya mzio, ukoo wa zile za mafua zinazoleta usingizi. Njaa ni tokeo lake la pembeni ndo watu wakaigeuza biashara. Inafanya kazi kweli, @mama wawili hajadanganya, lakini ukiacha njaa inaondoka nayo. Kubwa zaidi, haipewi mtoto chini ya miaka miwili na wako hajafika. Fungua kile kikaratasi cha ndani, hapo kwenye umri ndo pa kusoma kwanza. Watoto wengine inawalaza mchana kutwa, mama anasema siku hizi katulia, kumbe kalewa dawa.
Zile vitamini B zimewekwa humo ili chupa ionekane ya lishe.

#8 Bibi Harusi wa Zamani
Mimi nitauliza lile ambalo vijana mnaliogopa. Huyo mtoto hajabemendwa, yaani hajadhoofika kwa sababu mzazi katoka nje ya ndoa? Mtoto anakonda, shingo imelegea, chakula hataki, zamani wazee wangeshawaita wote wawili wakae chini waulizwe. Baba umetulia nyumbani?

#9 KijanaWaMakumbusho
Hahahaaa uzi umefika penyewe. Baba Sele jibu kwa uangalifu mama Sele anaweza kuwa humu.

#10 Baba Sele
Bibi shikamoo. Nimetulia, shahidi ni foleni ya mwendokasi, natoka kazini nafika nyumbani usiku.

#11 Bibi Harusi wa Zamani
Marahaba. Foleni haijawahi kumzuia mwanaume.

#12 Nesi_Mstaafu
Nimecheka lakini turudi. Bibi, hilo la kubemenda mimi nimelikuta wodini miaka mingi, na mara nyingi ukichunguza unakuta mama alishika mimba nyingine mapema akamwachisha mkubwa ziwa, mkubwa akabaki na uji wa maji. Kwa hiyo wazee waliona kitu cha kweli, ubishi ni kwenye sababu. Wengine unakuta mtoto ana VVU au kifua kikuu na familia inaoneana aibu kwenda hospitali kwa kuogopa kuulizwa hayo ya nje ya ndoa. Hapo ndo neno linapoua.

Kuhusu matone: yale ni vitamini A. Miezi 6 hadi 11 anapata kidonge cha bluu, yuniti 100,000, na mwaka mmoja mpaka chini ya miaka mitano anapata chekundu, yuniti 200,000, kila baada ya miezi sita, huku kwetu Juni na Desemba. Kile kidonge hapewi kumeza, tunakata ile ncha nyembamba na mkasi tunaminyia mdomoni, ndani ni mafuta ya njano ndo maana wanakunja uso. Vitamini A inawekwa akiba kwenye ini, mwili unachota kidogokidogo. Kwa hiyo kama kapata ya Juni, ya A hana haraka nayo.

Baba Sele nijibu haya: ananyonya bado? Maziwa ya ng'ombe anakunywa kiasi gani? Chai? Na je, anakula udongo au kulamba ukuta?

#13 Ngosha
Hayo matone mi wanangu siwapeleki. Chanjo gani inatolewa bure nchi nzima kwa mpigo, mnajiuliza?

#14 Nesi_Mstaafu
@Ngosha si chanjo. Ni kirutubisho kilekile kilichoko kwenye ini, karoti na mchicha. Inapotolewa pamoja na chanjo ni kwa sababu mama kashafika, hatutaki arudi mara mbili. Chumvi yenye madini joto nayo ni nchi nzima na unaila kila siku.

#15 Kipepeo Nyali
Hamjambo wa Bongo. Hapa Kenya hayo matone ni Mei na Novemba, wiki za Malezi Bora, wanakuja hadi chekechea. Mimi nilihama na mtoto kutoka Tanga katikati ya mwaka nikajipata karibu nimpe mara mbili kwa kipindi kifupi, daktari wa hapa akaangalia kijitabu akasema ngoja kwanza. Kwa hivyo mnaosafiri tembeeni na kadi.

#16 Baba Sele
@Nesi_Mstaafu aliachishwa ziwa akiwa na mwaka na kitu mama aliporudi kazini. Maziwa anakunywa sana, anaamka na chupa analala na chupa, nadhani lita inakaribia kwa siku. Chai ya rangi dada wa kazi anampa asubuhi na maandazi. Udongo… nimemuuliza mama yake anasema ndio, anachokoa ule ukuta wa nyuma anakula.

#17 Nesi_Mstaafu
Basi vitamini zote hizo ziweke kabatini kwanza. Mpeleke akapimwe damu.

#18 mkorogo wa dagaa
Naona kesi imeisha kwenye #16. Lita ya maziwa! Tumbo la mtoto mdogo linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo yake, huyo wa kilo 9 ni kikombe kimoja cha kawaida tu, sasa ukishamjaza maziwa na chai kijiko kitaingilia wapi? Maziwa ya ng'ombe yana chuma, yale madini ya kutengeneza damu, kidogo sana na yanazuia hata kile kidogo cha kwenye chakula kisifyonzwe. Chai ndo usiseme. Watoto wa chupa unawakuta wanono kidogo, weupe viganjani, hawana damu. Nusu lita kwa siku inamtosha kabisa, tena kwa kikombe, chupa itupe.

#19 Ngosha
Mnaruka la udongo. Udongo ndo unaleta minyoo, minyoo ndo inanyonya damu. Nilisema toka #5.

#20 mkorogo wa dagaa
Na mwenzio anaweza kusema kinyume, kwamba damu ikipungua ndo hamu ya udongo inakuja, kama wajawazito. Yai na kuku hapo. Minyoo inayonyonya damu hasa ni safura na hiyo inaingia kwa ngozi, mtoto anayetembea peku kwenye udongo mbichi, si kwa kula ukuta. Kwa kula anapata ile mirefu na ya mjeledi.

#21 Mchanga wa Wete
Asalaam aleikum. Kabla hamjamtia mtoto dawa za chuma nawakumbusha ya kwetu Pemba. Kulifanywa utafiti mkubwa, watoto wa mwezi mmoja hadi miezi 35, wakipewa chuma na foliki kila siku. Ikabidi sehemu ile isimamishwe mwaka 2003 kwa sababu waliopewa walikuwa wanalazwa na kufa zaidi, matokeo yakatoka 2006 kwenye jarida la Lancet, hatari iliongezeka kwa asilimia 12. Sababu inayotajwa ni malaria, kijidudu nacho kinataka chuma. Kwa hiyo hii habari ya "mpe tu ya kuongeza damu haina madhara" sie hatuisemi ovyo.

#22 KijanaWaMakumbusho
Duh. Sasa mbona kliniki wajawazito wanapewa vidonge vya damu kila siku?

#23 Mfamasia Kimya
@Mchanga wa Wete uko sawa ila hujamaliza hadithi. Ndani ya utafiti uleule kulikuwa na kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria kwa ukaribu, humo watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na damu walifaidika nacho. Shida ilikuwa kugawa kwa wote bila kupima kwenye eneo la malaria nyingi. Ndo maana mwongozo wa WHO wa 2016 unasema watoto wa miezi 6 hadi 23, pale ambapo asilimia 40 au zaidi ya watoto wana upungufu wa damu, wapewe miligramu 10 hadi 12.5 kwa siku, miezi mitatu mfululizo kwa mwaka, na penye malaria iende sambamba na kinga na matibabu ya malaria. Halafu hiyo ni dozi ya kukinga. Kutibu ni hesabu ya kilo za mtoto, usijipimie na kijiko cha chai.

Na wenye vile vidonge vyekundu vya ujauzito nyumbani viwekeni juu. Mtoto anaviona pipi. Vichache tu vinaweza kumuua, kuanzia kutapika damu mpaka ini. Na ziwekeni juu pia zile vitamini za kutafuna zenye umbo la dubu mnazotumiwa na mashangazi wa nje.

#24 Njiwa wa Leicester
Shangazi wa nje nimefika, mbona mnanisema 😅 Mi hutuma za dubu ndio, ila nasema ziwekwe kabatini. Huku Uingereza ushauri ni tofauti kabisa, watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 wanashauriwa kila siku matone ya A, C na D, na wenye kipato kidogo wanapewa bure. D ndo wanayoikazania, mikrogramu 10 kwa mwaka mmoja mpaka minne, na sisi weusi wanatuambia hata kiangazi tufikirie kuendelea maana jua la huku la kuazima na tumejifunika makoti. Anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa ya kopo kwa siku hapewi, yameshawekewa humo. Sasa ndugu zangu wa Dar wanataka kuiga wakati mtoto anashinda uani na kaptula.

#25 mama wawili
Lakini dada mbona huku pia kuna watoto wana matege? Wa jirani yangu Arusha miguu imepinda, wakapewa kalsiamu na D, mwaka mzima hakuna kitu.

#26 Chalii wa Usa
Arusha wapi? Usiniambie upande wa Maji ya Chai, Ngurdoto, King'ori huko. Huku maji yana floridi nyingi toka kwenye miamba ya volkano, meno yetu ya kahawia unayaona, na watoto wanaokunywa hayo maji miguu inapinda. Kalsiamu unampa na maji ni yaleyale. Na magadi nayo yana floridi, tunaweka kwenye loshoro (chakula chetu cha mahindi) na kwenye maharage. Kwanza wabadilishe maji.

#27 mama wawili
Meno ya mama yake ni kahawia kweli. Ila daktari alisema ni vitamini D.

#28 Chalii wa Usa
Inaweza kuwa vyote, wengine hufungiwa ndani na dada wa kazi jua hawalioni. Apigwe picha ya mifupa. Mi nasema tu maji myaangalie.

#29 Mtaji wa Afya
Salama ndugu zangu. Nina virutubisho asili vya watoto kutoka nje, vinaongeza HAMU YA KULA, AKILI, UREFU na KINGA, watoto wa shule wanapata A tupu. Karibu inbox ofa inaisha Ijumaa.

#30 Mfamasia Kimya
Karibu. Weka hapa namba ya usajili. Kama ni dawa ni ya TMDA (mamlaka ya dawa), kama ni chakula ni ya TBS (shirika la viwango), tangu 2019 chakula kilihamia huko. Tunasubiri.

#31 KijanaWaMakumbusho
Kwani haina ya kuongeza mshahara? Nakunywa mwenyewe.

#32 mkorogo wa dagaa
Mtaji kashatoka mbio. Niseme la uji maana #1 katuambia bi mkubwa anataka uji mzito. Bi mkubwa ana hoja. Ule unga wa "lishe" wa nafaka saba watu wanaamini kila ukiongeza aina ndo vitamini zinaongezeka. Mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, zote hizo ni wanga, umerudia kitu kilekile kwa bei tano. Ukitia karanga na soya humo ukasaga mwezi mzima mafuta yanachacha, na karanga mbovu au mahindi yaliyopata unyevu ni sumukuvu, 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi hayo. Saga kidogo, uji wa nafaka moja au mbili, ukishaiva ndo ongeza yai au maziwa kidogo, au unga wa dagaa wa Mwanza uliotolewa vichwa. Uwe mzito usidondoke kwenye kijiko. Chungwa au ubuyu baada ya kula unasaidia chuma cha mboga kuingia. Ini mara moja kwa wiki, si kila siku, vitamini A ya humo ni nyingi mno.

#33 Ngosha
Wewe unaongea kama maafisa lishe. Iringa wana kila kitu, mahindi, maharage, maziwa, parachichi, na watoto wamedumaa. Hiyo lishe yenu mbona haifanyi kazi?

#34 Nesi_Mstaafu
Hapo Ngosha umepatia swali. Takwimu za 2022 Iringa udumavu ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati nchi nzima ni 30. Nimefanya kazi Mufindi, chakula kipo ila mama yuko shambani au kwenye mashamba ya chai toka alfajiri, mtoto kaachiwa mtoto mwenzake na kiporo cha ugali, anakula mara mbili kwa siku. Mayai yanauzwa. Na choo, na maji, kuhara kila mara. Wengine wanasema ni baridi, wengine ni sumukuvu kwenye mahindi, wengine pombe ya ulanzi msimu wake. Mimi nasema muda wa mama, lakini wenzangu tulibishana miaka.

#35 Kipepeo Nyali
Hapo kwa kuhara, mbona hamtaji zinki? Wangu akiharisha hupewa ORS na zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20, nami naona baada ya hapo hula vizuri. Si ndiyo ya hamu hiyo?

#36 Mfamasia Kimya
Ya kuharisha ndiyo kazi yake, inapunguza siku za kuhara na uwezekano wa kurudi. Chini ya miezi 6 ni miligramu 10. Kwa hamu ya kula, mtoto aliyekuwa na upungufu wa zinki anaweza kurudisha hamu, asiye nao hutaona kitu. Wazazi wengi wanaacha siku ya tatu choo kikikaza, malizeni.

#37 Baba Sele
Wakuu nimerudi. Tumepima, malaria hana, choo hakina minyoo, HB (kiwango cha damu) 9.1. Daktari kasema ya chini, kampa sirapu ya chuma kwa kilo zake na turudi baada ya mwezi. Maziwa tumepunguza juzi, usiku analia sana, leo kala ugali na mchuzi wa samaki matonge matatu. Chai dada kakatazwa kanuna.

#38 Ngosha
Choo cha siku moja hakionyeshi minyoo yote. Rudia.

#39 mkorogo wa dagaa
9.1 ni upungufu hata kwa kipimo kipya, WHO walishusha kwa walio chini ya miaka miwili kutoka 11 hadi 10.5 mwaka 2024. Choo kitakuwa cheusi usishtuke, na mpe maji baada ya dawa, inaacha rangi menoni. Ila mi bado nasema maziwa.

#40 Mchanga wa Wete
Na chandarua kila usiku muda wote anapokunywa hiyo. Akipata homa usingoje asubuhi.

#41 Bibi Harusi wa Zamani
Mimi bado nasubiri jibu la #8.

#42 mtoto wa Kigogo
Samahani kudandia uzi. Wangu ana miaka miwili ana sikoseli, damu yake huwa 7 hivi. Na mimi nimpe hiyo sirapu ya chuma?

#43 Nesi_Mstaafu
Hapana dada, usimpe kabla kliniki yake haijapima akiba yake ya chuma. Damu yake inapungua kwa kuvunjika, chuma chake kinabaki mwilini, na akiwa ameongezewa damu kinazidi. Yeye anaendelea na foliki yake kila siku, kinga ya malaria na zile dawa wanazompa. Akiwa mweupe kuliko kawaida au bandama imevimba ghafla ni hospitali muda huohuo. Anaudhuria wapi, wilayani au mnaenda mpaka Muhimbili?

#44 mtoto wa Kigogo
Tunaenda mkoani, kliniki yao ni Alhamisi. Duka la dawa walikuwa wameshanifungia hiyo ya chuma na ya hamu ya kula pamoja, nairudisha zote.